SOMO: Kupima kama bustani ya mtaa inanyonya mvua

Ndugu zangu wa Mtwara, mvua zetu huanza Novemba au Desemba, kwa hiyo pimeni kabla hazijaanguka. Kila mgeni huuliza, "Mmepanda miti mingapi?" Hiyo ni hesabu ya jasho letu. Mimi nataka kujua kama maji yamepungua barabarani.

1. Chagua sehemu mbili zenye udongo wa aina moja: patakapopandwa, na pa kulinganishia pasipoguswa. Bila hapo pa pili, mvua zikiwa haba mwakani utaisifu bustani bure.

2. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, toa kifuniko na kitako. Lisimamishe, weka ubao juu, gonga taratibu lizame sentimita 5. Likienda upande, ling'oe uanze upya kando, maana maji hupenya kwenye ufa. Lowanisha udongo kwanza. Maji yakiisha jaza tena, simamisha rula ndani, tazama saa. Yakishuka milimita 30 kwa dakika 10, ni milimita 180 kwa saa. Rudia mahali patatu. Chini ya kopo maji hutawanyika pembeni pia, kwa hiyo namba hii itumie kulinganisha tu, kwa kopo lilelile, mwaka hadi mwaka.

3. Kila ikinyesha, pima kina cha dimbwi na muda linaochukua kukauka. Andika na kiasi cha mvua: milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1.

4. Pima na joto, kuona kama bustani inapoza mtaa pia: saa 8 mchana, sehemu zote mbili siku moja, kipimajoto kisipigwe na jua.

MASWALI

Mwanachama, Mikindani: Dada, sisi tumepanda mikoko. Kopo litafaa?
Jibu: Hapana, kaka. Zungushia eneo vigingi, hesabu iliyo hai baada ya mwaka, maji yakiwa yamekupwa. Iliyojiotea iandike kando. Hiyo ndiyo hunipa moyo zaidi. Pima pia urefu wa kigingi ulio juu ya tope. Ukipungua, tope linajikusanya.

Mwanachama, Lindi: Tulishapanda bila kupima. Tumechelewa?
Jibu: Namba za kabla hazipatikani tena, nasi yalitukuta hayohayo. Tafuteni pa kulinganishia jirani, muanze wiki hii. Na waulizeni wazee wa hapo maji yalikuwa yakifika wapi ukutani, mweke alama.