Ita reserve kabla ya kujaza unordered_map

Kama unajua utaingiza takriban vipengee 1,000,000 kwenye std::unordered_map ya C++ (jedwali la heshi: ufunguo hugeuzwa namba inayoonyesha ndoo, yaani sehemu ya jedwali, ya kuuweka), andika m.reserve(1000000), m ikiwa jedwali lako, kabla ya kitanzi cha kuingiza, ili ndoo za kutosha zitengwe mapema. Bila hivyo, kila idadi ya vipengee inapozidi ndoo zilizopo (max_load_factor, yaani wastani wa juu wa vipengee kwa ndoo, kwa kawaida ni 1.0), jedwali hutenga ndoo nyingi zaidi na kuvigawa vyote upya, na iterata (vielekezi vya kupitia vipengee kimoja kimoja) ulizoshika hubatilika; pointa (anwani za kumbukumbu) za vipengee hubaki salama. Nodi (kipande cha kumbukumbu cha kila kipengee) bado hutengwa moja moja, kwa hiyo usitarajie miujiza. Kwenye std::map mbinu hii haifanyi kazi: huo ni mti, hauna ndoo wala reserve. Ukihitaji funguo kwa mpangilio, au zile za kuanzia 100 hadi 200, achana na heshi; tumia map na lower_bound, inayotafuta ufunguo wa kwanza usio chini ya ule uliotaja.