Diablo II Hardcore: angalia kinga kabla ya Hell

Kwa mnaocheza gemu ya Diablo II kwenye Hardcore, ile ukifa ndo basi, karakta haifufuki tena: kabla hujagusa Hell, daraja la juu kabisa la ugumu, angalia kinga kwanza (asilimia ya madhara unayozuia), nguvu ya kupiga baadae. Hell inakukata 100 kwenye kila kinga, moto, baridi, radi, sumu, na ukomo wa kawaida ni 75, sasa kama huna vifaa vya kufidia unaingia ukiwa hasi na ile mizuka ya radi ya Worldstone Keep, ngome ya mwishoni mwa gemu, inakumaliza hata hujaiona vizuri kwenye skrini. Ukimwokoa Anya, yule mateka wa kwenye barafu, Malah mganga wa mjini anakupa skroli ya kuongeza 10 kwenye kinga zote, na ni kila daraja la ugumu, aisee msiipite hiyo.

Halafu dawa. Nyekundu inajaza taratibu, haikuokoi ukishabanwa, ile kubwa ya zambarau inajaza damu yote hapohapo, kwahiyo zile ndogo za zambarau usizinywe hovyo, tia tatu kwenye Horadric Cube, kile kisanduku cha kuchanganyia vitu, upate kubwa moja. Na potali ya kurudi mjini fungua KABLA hujamkaribia bosi, ukisubiri damu ibaki robo umeshachelewa.