Kuupanga mwezi katika hadithi ya pwani ya kusini

Mwandishi anayetaka kumweka mhusika wake ufukweni Mikindani, karibu na Mtwara, usiku wa mbalamwezi aamue kwanza mwezi huo ni wa siku ya ngapi, kwa sababu siku hiyo ndiyo itakayompa saa ya kuchomoza, upande ambako mwezi utaonekana na hali ya maji baharini. Akishaitaja moja kati ya hizo, nyingine hana tena uhuru wa kuzichagua.

Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi, na kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Mwezi mwandamo huonekana magharibi jua likishazama, kisha hutua muda mfupi baadaye. Mpevu huchomoza jua likizama na kutua jua likichomoza. Wa siku ya 22 huchomoza karibu na saa 6 usiku. Kwa hiyo hilali, yaani mwezi mwandamo ulio mwembamba, haiwezi kumwangazia mtu usiku wa manane. Tena Lindi na Mtwara bahari iko mashariki: mwezi hutoka baharini na kutua upande wa bara, na hilali yetu hulala kama mtumbwi, pembe zikielekea juu, wala haisimami kama mundu kwa namna inavyochorwa katika vitabu vya nchi za mbali.

Maji ndiyo yanayowaponza waandishi wengi, nami ningependa yaheshimiwe zaidi, kwa kuwa msomaji wa pwani hulitambua kosa hilo mara moja. Bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja siku za mwandamo na za mpevu, na katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa kwenye saa 10 alasiri na saa 10 usiku, yakapwa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tuchukue sentensi hii: “Saa 4 usiku, mwezi mpevu ukiwaka, mawimbi yalipiga ngazi za nyumba.” Saa hiyo maji yamekupwa, ngalawa zimelala mchangani na mwamba uko wazi. Mwandishi anayeyahitaji mawimbi ausogeze mkasa hadi saa 10 usiku, mwezi ukiwa umeinama upande wa bara. Akiing’ang’ania saa 4 usiku, atumie mwezi wa siku ya 7, ambao wakati huo unakaribia kutua; maji yatakuwa yamejaa, lakini ni maji mafu, hayafiki mbali.

Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutafuta giza, kwa hiyo safari yao isipangwe usiku wa mpevu.

Kalenda ya Kiislamu ni msaada mkubwa, kwani tarehe yake ndiyo umri wa mwezi. Usiku wa kuamkia Idi ya Fitri hauna mbalamwezi, ila hilali inayotua mapema. Lakini usiku wa Maulidi, tarehe 12 ya Mfunguo Sita, mwezi unakaribia kupevuka na hung’aa hadi muda mfupi kabla ya alfajiri. Kupatwa kwa mwezi nako hutokea wakati wa mpevu tu, kama usiku wa 27 Julai 2018, ulipofunikwa wote kuanzia saa 4:30 usiku hadi baada ya saa 6.

Hadithi yenye tarehe halisi haitoi nafasi ya kubuni mwezi. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa saa 6 usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, na mwezi ulikuwa umezaliwa usiku mmoja tu kabla yake, ukatua muda mfupi baada ya jua. Mzee wa Lindi anayekumbuka ngoma za usiku ule basi azikumbuke kwa mwanga wa taa za chemli na mioto, chini ya nyota.