Kabla hujampeleka mbwa mwongozaji chuoni Mwanza

Mdogo wangu haoni. Alikaa nje ya nchi kwa masomo, akarudi na mbwa mwongozaji, akaanza naye chuo hapa Mwanza. Kama nanyi mna kijana wa hivyo, yafanyeni haya kabla chuo hakijafunguliwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Cheti kikae begini, si nyumbani.

Barua kwa mshauri wa wanafunzi, mapema. Mdai jibu la maandishi lenye mhuri, na nakala zifike kwa walinzi wa zamu zote, hosteli na maktaba. Msiende na habari za Marekani. Kule, kwa sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990, iitwayo ADA, mtumishi huuliza mawili tu: je, mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani. Cheti haruhusiwi kudai. Huku shikeni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inayolinda haki yao ya kusoma, lakini getini tangulizeni ule mhuri.

Ongeeni na atakayelala chumba kimoja naye. Kwa Waislamu wengi wa kwetu mate ya mbwa ni najisi, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Huyo si mkorofi, ana dini yake. Ombeni chumba kingine bila ugomvi.

Sasa hili la chakula, nisikilizeni vizuri. Mbwa mwongozaji akishavaa ule mkanda wenye mpini, yuko kazini. Asiguswe, asiitwe, asilishwe. Sisi tulilijua, ila hatukumwambia mtu, tukidhani watu wataona wenyewe. Wanafunzi walimpenda mno yule mbwa. Huyu anampa dagaa, yule kichwa cha sato, na mama lishe wa nyuma ya madarasa akawa anamwekea makombo kila mchana. Mdogo wangu angeyaonaje? Alisikia vicheko tu, akafurahi kwamba ndugu yake wa miguu minne amepokelewa.

Asubuhi ya jaribio la kwanza, mbwa badala ya kunyoosha akakata kushoto kufuata harufu ya samaki. Mdogo wangu akamfuata, kwa sababu kumwamini ndiyo kutembea kwake. Kati ya njia na kibanda pana mtaro usio na mfuniko. Kifundo cha mguu kilivimba hadi kiatu hakikuvulika, na jaribio likampita. Hata wiki mbili hazijaisha, mbwa akakwamwa na mfupa wa sangara. Nilimkuta mdogo wangu amepiga magoti sakafuni, anampapasa koo, analia. Daktari wa mifugo aliutoa, Mungu ni mwema.

Tulipita darasa kwa darasa, tukiomba dakika tano kwa kila mwalimu. Mama lishe nilimfuata mwenyewe. Alishika kichwa, akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa namhurumia." Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyewazuia wengine. Hizo dakika tano zifanyeni wiki ya kwanza, kabla mbwa hajazoea kunyooshewa mikono.

Mchana wekeni kiganja juu ya lami au jiwe. Kama hamwezi kukiacha hapo, nyayo za mbwa nazo haziwezi. Kinyesi kiokotwe kwa gazeti na chepe dogo, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Kwenye daladala semeni na kondakta kabla ya kupanda, na saa za msongamano kodini bajaji. Kagueni kupe masikioni na katikati ya vidole kila jioni. Usiku msipite karibu na majalala, mbwa wa mitaani hukaa makundi. Na msimwogeshe ziwani hata joto likizidi: kuna ndoano na nyavu kuukuu, na nyie mkiingia naye majini kichocho kipo. Maji ya ndoo yanatosha.