Kituo chenu kinataka jaribio la chanjo? Anzeni na anwani

Wakuu wa vituo vya afya hapa Goma wakiniuliza waanzie wapi, wengi huwa na jibu lao tayari: friji ya baridi kali, jenereta, kompyuta. Hivyo mfadhili ataleta. Asichoweza kuwaletea ni uwezo wa kumpata tena mama aliyechanjwa leo, wiki nane baadaye. Mimi ni muuguzi wa ufuatiliaji, kwa hiyo mnajua nitavutia wapi.

Novemba 2019 jaribio la chanjo ya pili ya Ebola, ile ya Johnson & Johnson, lilianza hapa kwetu, Majengo na Kahembe, zoni ya afya ya Karisimbi. Dozi moja, kisha nyingine baada ya siku 56. Zaidi ya watu 20,000 walipata ya kwanza. Machi 2020 Korona ikafunga mpaka wetu na Rwanda, na Goma ni mji wa watu wanaovuka kwa miguu kivuko cha Petite Barrière kila asubuhi kutafuta riziki. Kuna aliyekwama Gisenyi, ng'ambo ya Rwanda, kuna aliyerudi kijijini. Watafute sasa!

Nyumba zetu nyingi hazina namba, na mpangaji huhama kodi ikipanda. Basi mwandikishaji aandike avenyu, jina la mwenye kiwanja, jina ambalo mtaa mzima humwitia mshiriki (mara nyingi si lile la kwenye kadi ya kura), na alama: nyuma ya kinu cha mihogo, geti la bluu. Namba za simu ziwe tatu: yake, ya jirani, na ya ndugu asiyeishi naye. Hiyo ya tatu ndiyo huokoa. Zipigeni zote palepale, kabla hajaondoka. Mwulizeni pia: "Ukihama, nani atajua?" Posho ya reko wa mtaa (mhudumu wa afya wa jamii) iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, maana ndiye atakayetembea juu ya mawe ya lava kumtafuta. Ila afundishwe kunyamaza: akifika aseme anamtafuta fulani, asitangaze uani kwamba fulani yuko kwenye jaribio.

Huko Boende, mkoa wa Tshuapa, kwenye jaribio jingine la chanjo ya Ebola, washiriki walitambuliwa kwa mashine inayosoma jicho. Kifaa kizuri, lakini humtambua aliyefika tu.

Ridhaa nayo isiwe kusoma fomu na kudai sahihi. Mwacheni mshiriki awaeleze ninyi. "Mama, ukichoka na jaribio utafanya nini?" Akijibu, "Nitaomba ruhusa kwa dokta," rudini mwanzo, hahitaji ruhusa ya mtu, na matibabu yake ya kawaida hayakatwi. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wenu. Swali la "damu yetu mnaiuza wapi?" litakuja tu. Msikasirike. Onyesheni tyubu, semeni mililita tano ni kama kijiko kimoja cha chai, kisha semeni inapelekwa maabara gani na itahifadhiwa muda gani.

Kwenye makaratasi, pigeni marufuku blanko. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja, lisomeke bado, pembeni tarehe na sahihi. Kinachowashinda wauguzi wapya ni hiki: mshiriki akianguka na pikipiki pale Birere akalazwa, ni tukio kubwa, na taarifa iende ndani ya saa 24 tangu mlipojua. "Lakini Mama, ile ni pikipiki tu, si sindano!" Andika, mwanangu. Kama chanjo ilimtia kizunguzungu barabarani au la, hilo litaamuliwa na wanaohusika kwa kuangalia ulichoandika.

Baridi: Ervebo, ile chanjo nyingine ya Ebola, inataka kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, na umeme wetu mnaujua. Kipimajoto kisomwe asubuhi na jioni, Jumapili pia. Vibali vya kamati ya maadili na vya ACOREP, mamlaka ya dawa ya nchi iliyoko Kinshasa, vianzeni mapema, vinachukua muda.

Kabla ya kusaini mkataba, ulizeni friji na jenereta vitabaki kwa nani jaribio likiisha, na nani atalipa mafuta. Tena mwandikishe humo kwamba matokeo yatarudi Majengo kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya watu waliotoa damu, na nauli ya atakayekuja kuyasoma itengwe kabisa.