Somo: Kuchagua kadi ya grafiki na RAM za kompyuta ya gemu

Wengi hununua kadi kwanza, halafu ndipo wanaanza kuitafutia kompyuta. Mimi nasema anza na skrini, maana yenyewe ndiyo inayoipangia kadi kazi.

Hatua ya 1: Skrini

Skrini ya 1920 × 1080 (1080p) ina pikseli, yaani vidoti vya picha, milioni 2.07. Ya 2560 × 1440 (1440p) ina milioni 3.69, na ya 4K, yaani 3840 × 2160, ina milioni 8.29, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Zote hizo huchorwa upya katika kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde kwenye 4K, kadi inachora karibu pikseli milioni 500 kila sekunde. Ndiyo maana kadi inayosifiwa na mwenye 1080p humchosha mwenye 4K, na wote wawili wanasema kweli.

Angalia na hezi zake. Skrini ya 60Hz hujichora mara 60 tu kwa sekunde, hata kadi itoe fremu 140. Kama ndiyo uliyo nayo na huna mpango wa kuibadilisha, usijitese na kadi kubwa.

Jiulize pia unacheza nini. Counter-Strike 2 na Valorant huibana zaidi prosesa (CPU). Cyberpunk 2077, ukiwasha mwanga na vivuli vyote, huibana kadi.

Hatua ya 2: Kadi

Hapa ndipo watu wanapopigwa, kwa sababu wanasoma namba moja tu kwenye boksi: GB za VRAM. VRAM ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, nafasi ya kuwekea vitu, si kasi. RTX 3070 ina GB 8 na RTX 3060 ya kawaida ina GB 12, lakini 3070 huishinda katika gemu nyingi. Mambo hugeuka pale GB 8 zinapojaa: kadi inalazimika kuvuta data kutoka RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, njia ambayo ni nyembamba mno, na gemu huanza kukwamakwama au kuta na nguo zikaonekana zimefifia.

Kipimo changu kwa gemu mpya: GB 8 ni mwanzo wa 1080p, GB 12 kwa 1440p, GB 16 kwa 4K au kwa anayetaka kadi imkalie miaka mingi.

Kisha soma jina lote hadi herufi ya mwisho. GT 1030 ilitoka na kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde; baadaye, 2018, likaja toleo la DDR4 linalopitisha takriban GB 17, kwa jina lilelile. RTX 3060 nayo ina toleo la GB 8 ambalo halikupunguzwa nafasi tu, bali na njia ya kumbukumbu, kutoka biti 192 hadi 128. Muuzaji akikwambia "ni ileile tu", mwombe boksi.

Hatua ya 3: Umeme na nafasi

Sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa, inatoa wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. RTX 4060 hula wati 115 na NVIDIA, watengenezaji wake, wanapendekeza pawasaplai (kifaa kinachoilisha kompyuta umeme) ya wati 550. RTX 3080 hula 320, pendekezo likiwa 750. Usinunue pawasaplai kwa kuangalia wati zilizoandikwa ubavuni peke yake, maana za bei ya kutupa huandika chochote. Pima pia urefu wa nafasi ndani ya kasha kwa milimita, ukihesabu na feni za mbele.

Na usiazime waya za pawasaplai nyingine hata kama zinaingia. Upande wa pawasaplai, kila kampuni hupanga pini zake, na waya usio wake unaweza kuunguza kadi.

Hatua ya 4: RAM

Mazabodi, bodi kuu inayobeba prosesa na RAM, ndiyo inayoamua aina, yaani kizazi cha RAM: DDR3, DDR4 au DDR5. Tazama soketi ya prosesa: AM4 ya AMD ni DDR4 tu, AM5 ya AMD ni DDR5 tu. LGA1700 ya Intel inategemea bodi: zipo za DDR4 na za DDR5, lakini huchanganyi. Vijiti vyote viwili vina pini 288, ila pengo la katikati liko mahali tofauti, hivyo usilazimishe.

GB 16 zinatosha kuanzia, 32 ndizo za raha. Nunua vijiti viwili, si kimoja, ili prosesa itumie chaneli mbili, yaani njia mbili za data kwa pamoja. Kwenye bodi ya sloti nne, kwa kawaida huchomekwa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa.

Kuhusu kasi, kuna CL, idadi ya mapigo ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data. Kupata muda huo wa kusubiri, zidisha CL kwa 2000 kisha gawanya kwa kasi. DDR4-3200 CL16 inakupa nanosekunde 10. DDR5-6000 CL30 nayo ni 10. DDR5-4800 CL40 inakwenda karibu 16.7. DDR5 bado hupitisha data nyingi zaidi kwa mara moja, lakini usione 4800 ukadhani imeiacha 3200 mbali kwa kila kitu.

Maswali

Swali: Mkuu, nina kompyuta ya ofisini, prosesa i5-4570, kijiti kimoja cha RAM cha GB 8. Niweke RTX 4060?

Jibu: Hapana. Prosesa hiyo itaichelewesha, na kompyuta nyingi za ofisini zina pawasaplai ndogo isiyo na waya wa kadi. Ongeza kijiti kingine cha GB 8 cha DDR3, kisha tafuta GTX 1650 isiyohitaji waya. Pesa inayobaki iwekee mashine mpya.

Swali: Nimenunua RAM ya 3200 lakini inasoma 2133. Nimeuziwa feki?

Jibu: Huenda hujawasha XMP, mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa, kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio ya bodi); kwa bodi za AMD zenye DDR5 utaiona EXPO. Ukiwasha kisha programu nyingine ikakuonyesha 1600, usishtuke. Hiyo ni kasi ya saa yenyewe, na DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo.

Swali: Samahani mkuu, kwenye GB 8 za VRAM sikubaliani na wewe. Nacheza 1440p na kadi ya GB 8 na sioni shida.

Jibu: Na huenda usione, kama ni gemu za mashindano au umeshusha ubora wa michoro ya nyuso na kuta. Ulicho nacho usikitupe. Mimi namsemea anayenunua leo.

Swali: Nina RAM ya GB 8, naweza kuongeza kijiti cha GB 16 pembeni?

Jibu: Mara nyingi inakubali. GB 8 za kila upande zitafanya kazi kwa chaneli mbili, 8 zilizobaki kwa moja, na vyote vitakwenda kwa kasi ya kijiti kilicho taratibu. Kompyuta ikizimazima, rudisha kasi ya kawaida kwanza.

Swali: Nimeunganisha kila kitu, DDR5 mpya, feni zinazunguka ila skrini nyeusi. Nimeshazima na kuwasha mara nyingi.

Jibu: Acha kuzima. DDR5 inapowashwa mara ya kwanza, bodi huipima RAM na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kila ukizima, inaanza upya. Ipe robo saa. Wakati unasubiri, hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi, hasa kama prosesa yako ya Intel ina herufi F, maana hiyo haina grafiki ya ndani.