Jinsi ya kuomba kibali cha utafiti magerezani Tanzania: kutoka barua ya chuo hadi chumba cha mahojiano

Ukifika getini Segerea au Butimba na barua ya chuo peke yake, utasalimiwa vizuri, pengine utapewa kiti, halafu utarudishwa. Si roho mbaya. Mkuu wa gereza hamwingizi mtafiti kwa uamuzi wake mwenyewe. Ruhusa hutoka kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, makao makuu Dodoma, na barua inayokwenda kwake bila kibali cha utafiti haina miguu. Kibali nacho kinataka andiko la utafiti lililopita idarani na kwenye kamati ya maadili. Barua moja huzaa nyingine. Ukiruka moja, unarudi ulikoanzia.

Ninaandika kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili au uzamivu wa ustawi wa jamii, sosholojia au sheria, na kwa mhadhiri msaidizi ambaye kupanda kwake kunasubiri shahada ya tatu, na shahada hiyo inasubiri data. Anza mchakato huu muhula mzima kabla ya tarehe unayotaka kuingia uwandani. Wengi huanza siku wanapolipwa fedha za utafiti, na fedha hizo huishia kwenye nauli za kufuatilia barua.

Kwanza, jua mlango ni wa nani

Hapa ndipo watu hupotea, na hupotea wakiwa bado wanaandika sura ya kwanza. "Wahalifu vijana" kwenye andiko lako wanaweza kuwa chini ya wakubwa watatu tofauti.

Gereza la vijana la Wami, Morogoro, liko chini ya Jeshi la Magereza, kwa hiyo barua inakwenda kwa Kamishna Jenerali. Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, na mahabusu za watoto kama zile za Dar es Salaam na Arusha ni za ustawi wa jamii; barua inakwenda Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Kijana aliyehukumiwa kifungo cha nje au kutumikia jamii chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 hayuko kwa yeyote kati ya hao. Yuko mikononi mwa maofisa wa Huduma za Uangalizi, na hao wako Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Ukitaka kuzungumza na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, unaomba Jeshi la Polisi. Ukitaka majalada ya kesi, Mahakama ni mhimili wake yenyewe na barua ya mkoa haifungui masjala yake. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri unampata kupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Kwa hiyo chora jedwali dogo kabla hujaandika chochote: nani nitamhoji, yuko chini ya nani, barua iende kwa cheo gani. Ukikuta milango mitano, punguza. Utafiti wa shahada wenye milango miwili unamalizika. Wenye mitano nimeuona ukizeeka.

Andiko na kamati ya maadili

Kamati ya maadili ya chuo itasoma mbinu zako kuliko nadharia zako. Mfungwa ni mtu ambaye hana namna rahisi ya kukukatalia, na ndilo swali watakalokukalia nalo: utajuaje kwamba amekubali kweli?

Usijibu kwa kusema "watasaini fomu ya ridhaa". Mtu aliyezoea kuitikia "ndiyo, afande" atasaini chochote kinachowekwa mezani. Andika utakachofanya. Kwa mfano, kwamba utaeleza utafiti kwa kundi kwanza, uwaache walale juu ya jambo hilo usiku mmoja, kisha kila mmoja akwambie peke yake kama anataka au hataki. Andika kwamba ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi itakubalika kwa asiyejua kusoma. Andika kwamba anayekataa hatajulikana kwa uongozi, na useme utalifanyaje hilo: labda kwa kukaa na kila aliyeitwa kwa muda uleule, aliyekubali na aliyekataa, ili anayeangalia kwa mbali asiweze kuwatofautisha.

Sema pia mipaka ya siri. Mtu akikueleza mpango wa kumdhuru mwingine, au akikutajia mtoto anayenyanyaswa sasa hivi, huwezi kunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka jamii itoe taarifa. Mhojiwa ajue hivyo kabla hajaanza kuongea, asije akajua baadaye.

Mahabusu ni habari nyingine. Kesi yake bado iko mahakamani na sheria inamhesabu hana hatia. Usimuulize alifanya nini. Kama swali lako la utafiti haliwezi kujibiwa bila kugusa tukio lenyewe, basi wahojiwa wako ni wafungwa waliokwisha kuhukumiwa, na rufaa zao zimekwisha pia.

Ukigusa afya, yaani UKIMWI, kifua kikuu, afya ya akili au dawa za kulevya, idhini ya kimaadili ya utafiti wa afya kwa ngazi ya taifa iko NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Muulize msimamizi wako mapema kama swali moja tu la afya kwenye dodoso lina thamani ya safari hiyo. Mara nyingi halina, na unaweza kulifuta.

Kuna jambo ambalo wasimamizi wa zamani hawakukumbana nalo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za makosa ya jinai na taarifa za watoto kuwa nyeti. Kwenye andiko eleza majina yatabadilishwa wakati gani, faili za sauti zitakaa wapi, nani ana nywila, na zitafutwa lini. Daftari lenye majina halisi lisilale nyumba ya wageni.

Kibali cha utafiti

Kama unasoma chuo kikuu cha umma nchini, kwa kawaida kibali hutoka kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Ukiisoma barua yenyewe utaona inataja waraka wa Serikali wa Julai 1980, MPEC/R/10/1, uliompa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mamlaka ya kutoa vibali kwa wanafunzi na watumishi wake kwa niaba ya Serikali. Wakati ule chombo cha taifa kilikuwa Baraza la Utafiti, likiitwa UTAFITI. Baadaye Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 ikaleta Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Usiichukulie historia hiyo kama pambo. Ofisa wa wilaya akikuuliza "kibali cha COSTECH kiko wapi?", mwoneshe aya hiyo kwa upole.

Mtafiti wa kigeni anaomba COSTECH moja kwa moja kwa njia ya mtandao, akiwa na mshirika wa taasisi ya ndani, kisha anakwenda Uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi daraja C. Mtanzania anayesoma nje naye abishe hodi COSTECH, Kijitonyama, kituo cha Sayansi. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali, na huko usiandike "gereza": taasisi inaitwa Chuo cha Mafunzo.

Omba barua tofauti kwa kila ofisi uliyoichora kwenye jedwali, siyo barua moja ya "Kwa Yeyote Anayehusika". Hakikisha kichwa cha utafiti ni kilekile, neno kwa neno, kwenye barua zote na kwenye cheti cha maadili. Kichwa kikitofautiana hata kidogo, masjala itakuuliza ni utafiti upi.

Barua kwa Kamishna Jenerali

Barua hii iandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Kiini chake kiwe hivi:

YAH: OMBI LA KUFANYA UTAFITI KATIKA GEREZA LA …

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Idara ya …, Chuo Kikuu cha …. Ninaomba ruhusa ya kuzungumza na wafungwa 20 waliobakiza muda usiozidi mwaka mmoja, na maofisa ustawi 4, juu ya maandalizi ya kurudi uraiani. Kila mazungumzo yatachukua dakika 45, kwa siku 10 za kazi kati ya tarehe … na …, katika saa zitakazopangwa na uongozi wa gereza. Sitauliza juu ya ulinzi wa gereza. Sitapiga picha. Naomba kutumia kinasa sauti. Kisiporuhusiwa nitaandika kwa mkono. Naomba mazungumzo yafanyike mahali ambapo askari ananiona lakini hasikii."

Angalia jinsi ilivyo na namba. Ofisa anayeishughulikia anataka kujua utamchukulia askari wangapi kwa siku ngapi, kwa sababu kila mfungwa unayemhoji anatolewa na mtu na kurudishwa na mtu. "Kufanya utafiti kuhusu hali za magereza" ni sentensi inayotisha na haimwambii kitu. Na hiyo ya mwisho, askari aone asisikie, iandike hapo hapo. Ukiisubiri hadi siku ya kwanza, utaambiwa haimo kwenye ruhusa, na itakuwa kweli.

Ambatanisha kibali, cheti cha maadili, muhtasari wa kurasa mbili, mwongozo wa maswali wote kwa Kiswahili, na nakala ya kitambulisho. Usifiche swali. Swali ambalo hutaki Magereza walione ni swali ambalo hutakiwi kumuuliza mfungwa wao.

Mkoa, wilaya, mtaa

Kwa sehemu ya utafiti iliyo nje ya gereza, familia kwa mfano, barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anaandika kwa wilaya, na unashuka hadi kwa mtendaji wa mtaa. Beba nakala kumi za kila barua.

Ndani

Siku ya kwanza simu inabaki getini. Muda mwingi utapita ukisubiri. Vaa kiofisi, beba maji.

Jambo la kuwa nalo macho ni nani anawachagua wahojiwa. Ukisema "nileteeni watu 20", utaletewa 20 wenye tabia njema, waliopangwa na nyapara, na wote watakusimulia hadithi moja. Omba orodha ya namba za wanaotimiza sifa, kisha chagua mwenyewe kwa mpangilio ulioueleza kwenye barua. Wakikataa kutoa orodha, liandike hilo kwenye sura ya mbinu.

Usigawe sabuni wala sukari kwa wahojiwa. Ndani, kipande cha sabuni ni fedha, na ridhaa iliyonunuliwa kwa sabuni si ridhaa. Kama unataka kutoa kitu, kitoe kwa gereza zima kupitia ofisi ya ustawi, baada ya kumaliza.

Majibu yakichelewa

Fuatilia kwa namba ya kumbukumbu, siyo kwa jina lako. Wakati unasubiri, fanya kazi isiyohitaji geti: hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII, na watu waliomaliza vifungo wako uraiani, ingawa nao ni lazima wawemo kwenye cheti chako cha maadili. Waweke humo tangu mwanzo.

Ukimaliza, kila ofisi iliyokupa ruhusa ipate ripoti: muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili, na tasnifu nzima kwa aliyeiomba. Peleka kwa mkono masjala, ukiwa na nakala ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo kiambatisho cha kwanza cha ombi lako lijalo.